Kabla Hujapanda Ndege ya Doha

Leo tunazungumza na wewe unayejiandaa kwenda Qatar kufanya kazi ya ulinzi, udereva au hotelini.

Tuanze na pasipoti. Hiyo ni mali yako, na sheria ya Qatar inamkataza mwajiri kuizuia bila ridhaa yako. Toa kopi mbili, moja mwachie ndugu yako.

Mshahara je? Tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asipokupa malazi, anaongeza 500. Asipotoa chakula, anaongeza 300. Ukifika ukapewa mkataba mwingine, ulinganishe kwanza na ule uliousaini nyumbani.

Kuna joto pia. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi za juani haziruhusiwi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Kunywa maji hata kabla hujasikia kiu.

Sasa jambo ambalo mawakala wengi hawaligusi: simu za nyumbani. Saa za Doha ni zilezile za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo ujumbe wa "tuma chochote" utakukuta lindoni, mshahara haujaingia na deni la safari halijaisha. Kubalianeni mapema utatuma kiasi gani na lini, na wajue kuwa utakuwa na deni la kulipa.

Mwisho, usisafiri bila namba ya ubalozi wako. Iandike pia kwenye karatasi, maana simu huibwa. Safari njema!