Nzi wa Ngozi ya Sungura



Mliniomba niseme habari za uvuvi. Nitasema juu ya nzi mmoja tu wa bandia, yule atengenezwaye kwa ukanda wa ngozi ya sungura pamoja na manyoya yake, ambaye kwaye navua trauti wakubwa katika mto Gura.

Trauti si samaki wa asili wa nchi hii. Aliletwa na Ewart Grogan mwaka 1905 akatiwa katika mto huo huo. Akiwa mdogo hula wadudu, lakini akikua hutaka chakula cha kushibisha, kama samaki wadogo na kaa wa mtoni. Ndiyo sababu nzi wadogo tuwanunuao humpita mkubwa puani asijisumbue.

Nzi wa namna hii alipata sifa Marekani katika miaka ya 1970, Dan Byford alipotunga yule aitwaye Zonker, mwenye mwili unaong'aa. Wangu ni maskini zaidi. Nachukua ndoana namba 6 yenye shina refu, naizungushia waya mwembamba wa shaba ili izame, kisha sufi nyeusi juu yake. Ngozi iwe imekaushwa vema. Ikateni kwa wembe upande usio na manyoya, upana wa milimita 3. Mkitumia mkasi mtakata manyoya pia, na kazi imeharibika. Manyoya yalale kuelekea mkiani. Fungeni ukanda nyuma ya tundu la ndoana, halafu ufungeni tena kwa uzi pale shina linapoanza kupinda, mkiyatenga manyoya kwa kidole kilicholowa. Malizeni kwa mafundo na tone la vanishi.

Mkia usizidi urefu wa shina. Neno hili nalirudia kwa kuwa liliniponza. Nzi wangu wa kwanza nilimwachia mkia mrefu wa fahari. Nikamrusha mbele ya trauti niliyekuwa nikimvizia misimu miwili chini ya jabali. Akatoka, akafuata, akageuka. Na mara ya pili vivyo hivyo. Nilipovuta nzi nikaona mkia umejisokota chini ya ndoana, yuaja kinyumenyume kama kitambaa kilichotupwa.

Nikaukata mkia kwa meno. Safari hii alimkamata, nami kwa furaha nikainua ufito juu kwa nguvu. Nzi akamtoka kinywani. Sikumwona tena msimu ule.

Basi, mlowesheni nzi kabla ya kumrusha, maana manyoya makavu huelea. Mrusheni kukingama mto, mwacheni azame, kisha vuteni mshipi kwa mkono inchi 4, mtulie, mvute tena. Msiwe na haraka ya kuvuta: wakati wa kutulia ndipo manyoya yanapopumua majini, na mara nyingi ndipo samaki anapouma. Akiuma, ufito ubaki chini ukimwelekea. Vuteni mshipi kwa mkono mpaka uwe mzito, ndipo muinue. Uzi wa mwisho uwe wa kuhimili ratili 8, maana nzi huyu hulowa akawa mzito, na uzi mwembamba hukatika katika kurusha tu.

Ngozi mbili nimezileta, ziko mezani pamoja na wembe na ndoana. Anayetaka na asogee, ila kibali cha kuvua ajitafutie mwenyewe.