Ugonjwa Usio na Jina: Maandalizi ya Serikali na Taarifa ya Mwananchi



Mwezi Machi 2023 watu wa Wilaya ya Bukoba walianza kufa kwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Wagonjwa walipatwa na homa, wakatapika, wakatokwa damu, na figo zao zikashindwa kufanya kazi. Sampuli zilipopimwa, Serikali ilitangaza tarehe 21 Machi kuwa ni Marburg, ugonjwa ambao haukuwa umewahi kuthibitishwa nchini Tanzania. Waliougua walikuwa 9, na 6 kati yao wakafariki, akiwamo mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kwisha.

Wengi hukumbuka mavazi ya kujikinga waliyoyaona katika taarifa za habari. Kazi iliyouzima ugonjwa haikupigwa picha nyingi: kuandika jina la kila aliyemgusa mgonjwa au maiti, kisha kumfuatilia kila siku kwa siku 21, kwa kuwa virusi vya Marburg vyaweza kukaa mwilini muda huo kabla ya dalili kujitokeza. Baada ya mgonjwa wa mwisho husubiriwa siku 42 ndipo nchi itangazwe kuwa salama.

Januari 2025 ugonjwa ulirudi mkoani Kagera, safari hii wilayani Biharamulo. Rais Samia Suluhu Hassan aliutangaza tarehe 20 Januari, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Walioorodheshwa walikuwa 10, na wote walifariki. Kati yao ni 2 tu waliothibitishwa na maabara. 8 walihesabiwa kwa dalili na historia zao, bila kupimwa. Hesabu hiyo yapaswa kusomwa polepole. Maabara, hata iwe bora namna gani, haimpimi mtu ambaye habari zake hazijaifikia.

Je, ikiwa ugonjwa umesambazwa kwa makusudi? Hilo si jambo la kubuni. Mwaka 2001 nchini Marekani barua zenye unga wa vimelea vya kimeta zilitumwa kwa posta. Watu 22 waliugua na 5 wakafa. Aliyeshtuka wa kwanza hakuwa askari. Alikuwa daktari wa hospitali jimboni Florida, aliyeona vimelea asivyovitarajia katika majimaji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, akawaarifu maofisa wa afya bila kungoja uhakika. Mgonjwa wa kwanza haji na alama ya kuonyesha kama amedhuriwa na mtu au na popo wa pangoni. Kwa sababu hiyo ugaidi wa kibaiolojia hugunduliwa kwa njia ileile ya mlipuko wa kawaida.

Kimeta chenyewe si kigeni kwa wafugaji. Ng'ombe hufa ghafla, hutokwa damu nyeusi isiyoganda, na vimelea vyake huweza kuishi ardhini kwa miongo mingi. Mzoga wa namna hiyo hauchunwi wala haupasuliwi. Ni rahisi kulisema hilo mkutanoni. Mwenye ng'ombe ana hasara mkononi, na nyama ya bei nafuu haikosi wanunuzi. Hata hivyo, kisu kinachopasua mzoga ndicho kinachowafungulia vimelea njia. Afisa mifugo wa kata aitwe kwanza, naye ataelekeza jinsi ya kuuchoma au kuufukia.

Kwa binadamu, taarifa hupelekwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, zahanati au ofisi ya mtendaji wa kijiji, nayo humfikia Mganga Mkuu wa Wilaya. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kwamba kijiji kitapewa jina baya, au kwamba mnada utafungwa. Hofu hiyo ina msingi. Waliopona na jamaa za marehemu huepukwa hata baada ya hatari kwisha. Lakini mnada uliochelewa kufungwa hufungwa kwa muda mrefu zaidi.

Mtoa taarifa hatakiwi kuujua ugonjwa. Inatosha aseme kwamba watu wawili wa nyumba moja wamefariki ndani ya wiki moja kwa homa na kutokwa damu, kwamba maiti ya pili bado haijaoshwa, na kwamba ndugu wanasubiri waelekezwe namna ya kuizika.