Waya wa Faiba Usiukunje

Msikilizaji wa Mukendo, nawe uliyeko Bunda au Butiama. Iwe umeomba Faiba Mlangoni Kwako ya TTCL au huduma ya kampuni nyingine, fundi atavuta waya mwembamba kutoka nguzoni hadi ukutani kwako. Si waya wa umeme. Ndani yake mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Ukiukunja sana, mwanga unavuja. Intaneti inasuasua, au inakata kabisa.

Kwa hiyo, usiukunje. Usiubane na mlango. Wala usianikie kanga juu yake, hata kama unaona umekaa pazuri kweli!

Mwombe fundi aulegeze uning'inie kidogo kabla haujaingia ukutani, maji ya mvua yadondokee nje. Asiondoke kabla ya kupima mwanga mbele yako.

Waya ukikatika je? Usiufunge kwa selotepu. Kioo huungwa kwa mashine. Usichungulie ncha yake, na watoto wakae mbali. Mwanga ule hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho. Mpigie simu aliyekuunganishia. Mtajie mtaa wako, na nguzo iliyo karibu.