KUMFUNDISHA MWANACHAMA NAYO NI KAZI YA MTU

(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa chama. Waliokuwa mashambani siku ile wameomba yabandikwe ukutani wayasome. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, isipokuwa pale mvua ilipotukatiza.)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya elimu ya ushirika. Tunajua mkisikia neno elimu wengine mnaanza kutazama jua limefika wapi. Basi hatutaanza na elimu, tutaanza na stakabadhi ya pamba.

Msimu uliopita mwanachama mmoja, mama mtu mzima, jina lake tunaliacha, alileta mafurushi manne ya pamba safi. Mizani ilisoma kilo 184. Karani akatamka kwa sauti, akaandika kwenye daftari la mizani 184, halafu kwenye stakabadhi akaandika 148. Mama akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Alipokuja kulipwa alilipwa kwa kilo 148. Tukichukua bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, zile tarakimu mbili kubadilishana nafasi ni shilingi 36,000. Hatusemi karani aliiba. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na mkono ukichoka huandika chochote. Tunachosema ni kwamba makosa yale yalikaa kwenye pindo la kanga wiki tano, na hakuna aliyeyaona.

Yalionekanaje? Yuko binti wa hapa hapa kijijini, amemaliza kidato cha nne, tulimwomba awe anakaa na akina mama Jumatano jioni chini ya mwembe, awaonyeshe stakabadhi inasomwaje: hapa uzito, hapa safi au fifi, hapa bei, hapa makato ya mbegu na dawa, hapa kinachobaki mkononi. Siku ya tatu akawaambia kila mmoja aje na stakabadhi zake za zamani. Yule mama akaitoa ya kwake, akaitazama, akasema, "Mbona mimi nilisikia mia na themanini na nne?" Wakaenda kwa katibu, daftari likafunguliwa. Pesa yake amelipwa, na muhtasari wa kamati unaonyesha. Baada yake wamepatikana wengine wawili, na mmoja wao alikuwa amezidishiwa. Naye amerudisha, tunampongeza.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa na semina, mnaikumbuka. Walikuja wageni, ya shirika gani tusiseme, na jenereta na picha za ukutani. Siku mbili tulifundishwa mpango mkakati. Soda zilikuwepo, posho ilikuwepo. Jioni ya pili tukaulizana njiani umepata nini, mwenzetu mmoja akasema amepata kalamu. Hatuwalaumu sana wageni wale. Walifundisha walichotumwa kufundisha, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba hapa kuna watu wasioweza kusoma stakabadhi yao wenyewe. Wangejuaje? Walikuja asubuhi, wakaondoka kesho yake.

Hili, ndugu wanachama, ndilo tulilokuja kuomba leo: chama kiwe na walimu wake, vijana wa hapa, waliosomeshwa kazi hiyo, na walipwe. Siyo kwa kujitolea tu. Binti yetu amejitolea miezi saba, na juzi ametuuliza kwa adabu kabisa kama anaweza kupata hata sabuni.

Wengine mtasema hayo mambo mapya. Hayana upya wowote, wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walianzia hapo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika juu ya mizani za wanunuzi, na jambo mojawapo walilofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe pale pamba inaponunuliwa, wakague uzito. Fikirini. Kabla ya chama kikuu chenye ofisi na malori, kulikuwa na kijana anayejua kusoma mizani, na wakulima wanamwamini. Mwaka 1952 ikaundwa Lake Province Growers Association, kiongozi wake Paul Bomani. Yeye alikwisha kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika Mwanza tangu 1947, lakini alipoona kazi imekuwa kubwa, alikwenda kusomea ushirika Uingereza, kule Loughborough, mwaka 1953 hadi 1954. Aliporudi, mwaka 1955 kikaanzishwa chama kikuu cha Victoria Federation, kilichokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Mtu anayejua kazi tayari, bado alikwenda kusoma. Sisi tunataka kuendesha chama kwa kubahatisha.

Na mwanguko wake nao tuuseme, maana wazee waliopo hapa wanaujua kuliko sisi. Chama kilikua haraka kuliko watu wake walivyofundishwa. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Ilikuta mengi, na baadhi yake ni haya: wanachama hawajui chama chao kinaendeshwaje, na watumishi wenye ujuzi ni wachache mno. Mwaka uliofuata Serikali ikauchukua uendeshaji wa Victoria, na baadaye ikaja Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa vyote, mamlaka za mazao zikashika kazi ya kununua. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na huku kwetu, tulipokuwa bado mkoa wa Shinyanga, ikaja SHIRECU. Mkoa wa Simiyu umeanza mwaka 2012, na tangu msimu wa 2018 Serikali ilipoagiza pamba ipitie kwenye AMCOS, mzigo wote umeangukia vyama vidogo kama hiki. Daftari, mizani, fedha, mbegu, dawa, vyote viko mikononi mwa kamati ya watu tisa, na wengi wao, tuseme ukweli, hatujawahi kukaa darasani kwa ajili ya kazi hii hata wiki moja. Tumesema hatujawahi, maana na sisi tumo.

Je, elimu ya namna hii inaweza kweli kufika kwa watu wengi? Inaweza. Wenye miaka sitini na zaidi mnakumbuka Mtu ni Afya, mwaka 1973. Wiki kumi na mbili, redio katikati, kijitabu mkononi, watu wamekaa kwa vikundi. Waliofundishwa kuongoza vikundi walikuwa kama 75,000 nchi nzima, na waliohudhuria ni kama milioni 2. Yule kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alikuwa jirani yako, amefundishwa kwa muda mfupi, anajua choo chako kiko wapi au hakipo, ndiyo maana ulichimba. Ila kampeni ilikwisha na kazi ya wale viongozi ikaishia pale, maana haikuwa ajira. Hapo ndipo tunapotaka tusirudie.

Vijana, sasa mnasogea, tunawaona. Mnauliza kazi yenyewe ni ipi, na inasomewa wapi.

Karibu kabisa ni Kizumbi, Shinyanga. Unapanda basi Bariadi, unapita Maswa, unatokea Mwigumbi, hujafika mbali tena. Pale ni tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Chuo cha Moshi kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, na mwaka 1964 kikaongezwa kituo cha elimu ya ushirika kilichofundisha wanachama na kamati vijijini, kwa masomo ya posta na kwa redio. Kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Huko mtu anasomea hesabu za vyama, uendeshaji, na sheria ya ushirika. Kwa anayependa zaidi kazi ya vikundi kuliko vitabu vya hesabu, iko njia ya maendeleo ya jamii: chuo cha Misungwi, cha Buhare huko Musoma, au Tengeru kule Arusha. Na kwa ambaye cheti cha kidato cha nne hakikukaa vizuri, asikate tamaa, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Malampaka, hapo Maswa. Akaulize wanafundisha nini mwaka huu, apate pa kuanzia.

Akimaliza anaweza kuwa afisa ushirika au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, nafasi zikitangazwa. Lakini nafasi hizo ni chache, tusidanganyane. Iko njia nyingine ambayo hatuisemi sana, nayo tunaitaka mwiangalie. Mnavijua vikundi vya kuweka na kukopa, hisa na sanduku lenye kufuli tatu. Mpango ule ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, wakisaidiwa na shirika la CARE, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika Zanzibar, halafu bara, tukaita VICOBA. Sasa katika nchi zetu hizi, Kenya, Uganda na Tanzania, wapo wawezeshaji wa kijijini ambao hawalipwi na mfadhili, wanalipwa na vikundi vyenyewe. Kikundi kinapatana naye: utatufundisha mzunguko mmoja, utatukagulia daftari, siku ya kugawana utakuwepo, ujira wako ni kiasi hiki. Akifundisha hovyo, kikundi kinamwacha na kutafuta mwingine. Ndiyo kazi tunayoifikiria hapa. Vijiji vinavyotuzunguka vina AMCOS zao, vina vikundi vya akina mama, vina wafugaji. Vijana wawili waliosoma wanaweza kuzungukia vyama vinne, kila chama kikatoa sehemu yake ya ujira.

Ni kazi ya msimu, hilo nalo tuliseme wazi. Kabla ya kununua pamba kuna kuifundisha kamati na makarani. Wakati wa ununuzi kuna kukaa na mizani tangu asubuhi. Msimu ukiisha kuna vitabu, na kuna kuwasomea wanachama taarifa ya mkaguzi kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kisukuma inapobidi, mpaka mtu aweze kuuliza, "Hii ziada ya ghala imetoka wapi?" Miezi ya katikati mwalimu atalima kama sisi. Anayetaka ofisi yenye pazia atafute kwingine.

Kuna mzee wetu alituuliza wiki iliyopita, "Mkimsomesha si atakimbilia Mwanza?" Inawezekana, baba. Wengine wataondoka. Lakini tumehesabu vijana waliokwisha kuondoka hapa bila kusomeshwa na chama, tukaacha kuhesabu. Mapendekezo yetu ni mkataba: chama kinatoa ada, naye anakitumikia chama miaka mitatu kwa ujira. Akiondoka kabla, anarudisha ada kwa awamu, na mdhamini wake awe mwanachama. Kama kuna mwenye wazo bora alilete, hatujaandika kwa wino.

Tunajua pia mnachokiwaza wengi. Ziada ya mwaka huu ni ndogo, na kila mmoja ameshaipangia kazi, mwingine bati, mwingine ada ya mtoto. Tukichukua fungu la elimu, kila mmoja atapata pungufu. Ni kweli, atapata pungufu, tumefanya hesabu na imebandikwa pembeni ya karatasi hii. Mafundi na wafumaji 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, hawakuwa matajiri, na miaka kumi baadaye walikuwa wanatenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu. Hadi leo elimu ni kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika duniani. Sisi hatuombi zaidi ya wafumaji wale, ila kwa mwaka wa kwanza tunaomba na zile pesa tulizokuwa tumetenga kwa ajili ya rangi ya ofisi. Ofisi itasubiri.

Sasa ni mtu wa namna gani? Tusichague mwenye maneno mengi, wasemaji tunao wa kutosha. Binti yetu wa chini ya mwembe hasemi sana. Anauliza, halafu ananyamaza mpaka mtu ajibu, hata ikichukua muda, na akikosea hesabu anafuta mbele ya wote na kuanza upya. Mama zetu wamesema hilo la kufuta ndilo lililowafanya wathubutu kushika kalamu. Tunataka wa namna hiyo, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Mtoto wa mjumbe wa kamati anaruhusiwa kuomba, lakini mjumbe huyo atatoka nje majina yakijadiliwa. Hili tumekubaliana, na lilitugharimu vikao viwili.

Anayetaka kuomba aandike barua kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mmoja, aeleze jinsi atakavyomfundisha mtu asiyejua kusoma kuitambua stakabadhi iliyokosewa. Barua zipelekwe kwa katibu kabla ya mbegu kugawiwa. Mkutano wa kupiga kura juu ya fungu la elimu utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, saa nne asubuhi, hapa hapa ghalani. Wanachama waje na stakabadhi zao zote za msimu uliopita, hata zilizochanika. Daftari la mizani litakuwa mezani, limefunguliwa.

Kamati ya Elimu