Goti Likilia "Pa!", Toka Uwanjani

Wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, leo tuzungumze juu ya goti. Msicheke! Nyie mnaopanda na kushuka milima na ndoo kichwani, halafu jioni mko uwanjani, goti ndilo linalobeba yote hayo.

Ndani ya goti kuna kano kubwa nne, kamba ngumu zinazofunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mbili ziko ubavuni. Mbili zimepishana katikati kama alama ya kuzidisha, na ile ya mbele inazuia muundi usichomoke kwenda mbele. Hiyo ndiyo wanamichezo wanaiogopa.

Inakatikaje? Wengi mnadhani mpaka upigwe daluga. Hapana, mara nyingi hakuna hata aliyekugusa! Unakimbia, unasimama ghafla, mguu umenasa chini, mwili unageuka. Au umeruka kudaka mpira wa netiboli, ukatua goti limenyooka na kuingia ndani. Wasichana huumia hivyo zaidi ya wavulana. Mzigo na mteremko huchosha misuli ya paja, na misuli iliyochoka hailindi goti. Kwa hiyo ukitoka kuchota maji, pumzika kwanza, ndipo uingie mechi.

Mnakumbuka Samatta aliposajiliwa na Aston Villa Januari 2020? Walihitaji mshambuliaji kwa sababu Wesley wao alikatika kano za goti Januari 1 walipocheza na Burnley. Yeye aligongwa. Akakaa nje zaidi ya mwaka, tena akiwa na madaktari wa klabu. Wewe je?

Basi ukisikia "pa!" na goti likavimba, toka, hata kama ni fainali ya UMISSETA na kocha anakubembeleza. Weka kitambaa cha maji baridi, funga bandeji, inua mguu. Nyumbani watataka kukukanda kwa maji ya moto au kulivuta goti. Mwambie bibi kwa heshima: siku hizi za kwanza, hapana. Kisha nenda hospitali, hasa kama goti linakuachia ukitembea.

Kinga ipo. FIFA ina mazoezi yaitwayo FIFA 11+, dakika 20 hivi kabla ya kucheza, bila vifaa vya bei: kukimbia polepole, kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa. Jaribuni leo wawili wawili. Mmoja aruke, mwenzake amtazame kwa mbele kama magoti yanaingia ndani.