Kikao Kabla ya Lawama

Mradi wa kikundi ukiyumba, iwe ni kuku au taka za mtaani, Bofu, Likoni, kama kwingineko, wengi hutafuta kwanza wa kulaumiwa. Kusini mwa Likoni, kijijini Gazi, mazungumzo yalifungua njia nyingine.

Mikoko ya Gazi ilikatwa ovyo miaka ya 1970, iwe kuni za viwandani. Sehemu za ufuo zikabaki tupu. Upandaji ulianza miaka ya 1990, wanakijiji wakishirikiana na watafiti wa bahari.

Mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja ukazinduliwa kuuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko ya hekta 117. Mikoko iliyokuwa kuni ikawa hazina. Mapato hujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Yameleta maji na vitabu vya shule.

Msikilizaji, kikundi chako kikikwama, itisheni kikao mapema.