Mvuvi Aliyefungwa na Ajira ya Serikali
Mada kwa semina ya Wasini



Nimeombwa nizungumzie ajira za umma kwa watu waliowahi kutiwa hatiani. Nitaanzia baharini, maana ndiko kesi nyingi za vijana wa kisiwa chetu cha Wasini zinakoanzia. Hifadhi ya bahari ya Kisite, iliyotengwa miaka ya 1970, haivuliwi kabisa. Mpunguti, jirani yake, inaruhusu uvuvi wa kienyeji. Kijana akikutwa na malema yake ya kutegea samaki upande wa Kisite, au akikokota juya lililopigwa marufuku, au amepakia boriti za mikoko bila kibali, hufikishwa mahakamani. Wengi hukiri kwa kukosa wakili, na anayeshindwa kulipa faini huenda jela.

Sitetei makosa hayo. Kisite ikimalizwa, samaki wataadimika na wageni hawatakuja. Ninachouliza ni kimoja: kwa anayeomba kazi ya umma, adhabu inaisha lini?

Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 64, inasema anayetiwa hatiani kwa ufisadi hawezi kuchaguliwa wala kuteuliwa kuwa ofisa wa umma kwa miaka 10. Ikipita, kizuizi hicho kinaondoka. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia kugombea ubunge mtu ambaye bado yumo katika kifungo cha miezi 6 au zaidi; aliyekwisha kukimaliza hazuiwi na kipengele hicho. Lakini Kenya haina sheria ya jumla inayofuta hatia ndogo za watu wazima baada ya miaka kupita. Basi aliyekula mamilioni ya umma amewekewa mwisho wa adhabu yake, na aliyetega malema Kisite hakuwekewa. Hiyo ni dhuluma. Afrika Kusini aliyetiwa hatiani kwa makosa madogo anaweza kuomba rekodi yake ifutwe baada ya miaka 10, na sisi tunaweza kutunga sheria kama hiyo.

Hatua moja tumeshaipiga. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa: mwajiri asidai vyeti vya uadilifu mpaka awe amekusudia kumwajiri mtu. Marekani nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo kwa kazi za serikali kuu mwaka 2019. Kwa watu wa kisiwani faida yake ni kubwa. Kupata kimoja cha vyeti hivyo, cheti cha mwenendo mwema cha polisi, kunamtaka kijana avuke hadi Shimoni upande wa bara, apande matatu mpaka Ukunda na nyingine mpaka Kwale mjini, atoe alama za vidole, na awe amelipa shilingi 1,050. Yote hayo kwa kazi ya kufagia zahanati ambayo huenda asiipate. Tangazo la kazi linalodai cheti hicho kiambatanishwe na barua ya maombi linakwenda kinyume na marekebisho hayo.

Hata hivyo, kuchelewesha swali hakutoshi. Siku cheti kitakapoonyesha hatia, bodi inayoajiri itafanya nini? Hapa ndipo penye kazi. Ipime kosa lenyewe, miaka iliyopita tangu litendeke, na kazi inayoombwa. Aliyenajisi mtoto asipewe kazi ya chekechea, na aliyeiba fedha za ofisi asikusanye ushuru sokoni. Lakini aliyevua Kisite akiwa na miaka 20, leo ana 35 na hajarudia, ananyimwaje unahodha wa boti ya wagonjwa? Mimi ningempa hata kazi ya doria, kwa sababu anaijua miamba na anazijua njia za wanaoivunja sheria.

Kuna jambo la kwetu wenyewe pia. Kisiwa ni kidogo, na kesi ya mtu hujulikana nyumba zote. Mara nyingine kijana hukataliwa kwa maneno ya barazani kabla cheti hakijafika mezani. Aliyekamatwa akaachiliwa hana hatia yoyote. Mahakama inaweza pia kumweka mtu chini ya uangalizi wa ofisa wa probesheni bila kumtia hatiani. Wazee mnaoulizwa sifa za waombaji, naomba mzitenganishe hali hizo, kwa sababu neno lenu lina uzito.

Kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kwale nina ombi mahususi. Andikeni vigezo vyenu, mvibandike hapa na Shimoni, na mumsikilize mwombaji kabla ya kumkataa. Mkimkataa, mpeni sababu kwa maandishi: ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinampa haki hiyo. Na wabunge wetu wapeleke bungeni mswada wa kuweka kikomo cha hatia ndogo, kisichozidi ile miaka 10 aliyopewa fisadi.